Hodi Iliyobaki Ndani ya Msumeno

Msumeno uliokata mkono wa kaka yangu ulikuwa umezimwa.

Soma tena kama hujaelewa. Ulikuwa umezimwa. Kitufe chekundu kilibonyezwa, meno yakasimama, na watu wakaona yamesimama. Kaka akaingiza mkono atoe banzi lililokwama.

Msumeno ukawaka wenyewe.

Nyololo nzima, kule Mufindi, ikasema ni uchawi. Mwenye kiwanda akasema ni pombe.

Mimi sikusema kitu. Mimi ni fundi umeme, najua mashine hairogwi na wala hailewi. Nilijiapiza tu kwamba nitamtafuta mtu aliyeifundisha kuamka bila kuamshwa, na nikimpata atanijua.

Naombeni mnisome mpaka chini kabisa kabla hamjanirukia kwenye komenti. Najua wapo watakaosema nilivuka mpaka. Poa tu, nimeshazoea.

Naitwa Tumpe, mtoto wa Uyole, Mbeya. Kaka anaitwa Lutengano.

Kwa kusema kweli ni mtoto wa mama mkubwa, na majina ya baba zetu hayafanani. Ila tumelelewa nyumba moja na tumegombania mfupa mmoja, kwa hiyo kwangu ni kaka, hayo mengine waachieni watu wa sensa. Lakini hilo la majina kutofanana mlishike, litatufaa mbele.

Lutengano kwa Kinyakyusa ni amani. Na kweli jamaa ni mtu wa amani mpaka anakera. Ukimkanyaga, anakuomba radhi yeye.

Alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Akiinua mkono wa kulia, kwaya nzima inavuta pumzi. Akiufunga, hata watoto wa nyuma wanaacha kukohoa.

Na pombe hagusi. Hata togwa anauliza kwanza imelala siku ngapi.

Huo mkono wa kulia ndio ulibaki Nyololo.

Alikuwa ameajiriwa kule Mufindi, kwenye kiwanda cha kupasua mbao cha Mzee Kalinga, Mhehe mmoja mwenye uwezo wake, nyumbani kwake ni Mlandege, Iringa mjini. Fundi mkuu wa kiwanda anaitwa Sosthenes. Hilo jina pia mlishike.

Siku ya ajali Mzee Kalinga alikuwa mjini. Sosthenes ndiye aliyempigia simu.

"Mzee, kijana wa Mbeya kanywa ulanzi. Kitufe chekundu cha emergency hakubonyeza. Kaingiza mkono mashine inatembea."

Mzee Kalinga akayameza mazima mazima. Si hivyo tu, akampigia na mchungaji wetu Uyole, eti kwa nia njema, ili kijana aombewe aache pombe. Mchungaji akawaambia wazee wa kanisa, wazee wakakaa kikao.

Kaka hata bandeji haijakauka, akatengwa na kanisa.

Lutengano katengwa. Watu wakaona ni utani mtamu, wakawa wanautafuna sokoni huku wanachagua nyanya. Na mimi nilikuwa napita hapo hapo na kapu langu, naangalia ni nani anacheka.

Siku moja nilimkuta amekaa jikoni, anajaribu kumenya kiazi kwa mkono wa kushoto.

"Tumpe, nilizima."

"Najua."

"Ikawaka."

"Najua, kaka."

"Mbona wewe unaniamini?"

"Hujawahi kunidanganya hata kwenye karata."

Akakiweka kiazi chini. Akasema, "Mkono umeshaenda, siudai. Mimi nataka jina langu tu. Niingie kanisani watu wasininuse."

Yeye alitaka jina. Mimi nilitaka mtu.

Sasa ngoja niwape somo kidogo, bila hili hamtanielewa.

Mota kubwa siku hizi hazipewi umeme moja kwa moja. Katikati kunakaa sanduku, mafundi tunaliita drive, ndilo linaloamua mota iende mbio au polepole. Na sanduku hilo linataka ishara mbili ndipo lizungushe. Moja inaitwa start, ambayo ni amri ya kuanza. Nyingine inaitwa enable, ambayo ni ruhusa. Ruhusa ikikatika, mota inasimama hata kama swichi ya start iko ON.

Chuoni tulifundishwa hayo na mwalimu Muhidini, mzee mwenye asili ya pwani, Kiswahili chake kimenyooka mpaka tulikuwa tunaona aibu kumuuliza swali. Alikuwa anasema hivi:

"Start ni hodi. Enable ni karibu. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, akangoja karibu. Pasipo karibu, haingii."

Halafu anashusha miwani.

"Ila ndani ya drive mna mpangilio mmoja muuogope. Mgeni kapiga hodi asubuhi, hakuitikiwa, naye hakuondoka. Kasimama pale pale, mguu kizingitini. Jioni wewe wamwita mwanao, 'Karibu mwanangu, njoo ule.' Yule mgeni wa asubuhi naye aingia."

Darasa zima tulikuwa tunacheka. Yeye hakuwa anacheka.

"Karibu ikikatika, hodi nayo ife. Mgeni apige upya. Mkisahau yote niliyowafunza, hili msilisahau."

Kwenye msumeno wa Nyololo, kitufe chekundu kazi yake ilikuwa kukata ile ruhusa. Ukikibonyeza kinajifunga, na ukitaka kukiachia unakizungusha. Drive ikipangwa vizuri, hata kitufe kikiachiwa, mashine inabaki kimya mpaka mtu azime start na kuiwasha upya. Ikipangwa vibaya, na swichi ya start iliachwa ON, kitufe kikiachiwa tu, meno hayo.

Mafundi wavivu wanaupenda huo mpangilio mbaya. Unawaokolea kutembea mpaka kwenye paneli kila mashine ikisimama.

Basi nikafunga safari.

Nilifika Nyololo na baridi yake ile ya kung'ata masikio, nikaomba kazi kwa jina langu la ubatizo, Jackline. Jina la baba yangu halikumshtua mtu. Kiwanda kilikuwa kinahitaji fundi umeme wa kumsaidia fundi mkuu, na vyeti vyangu vilikuwa safi. Nikaingia kiroho safi.

Sosthenes alinipokea mwenyewe. Mtu wa maneno mengi, koti la kazi limepigwa pasi, tangu apewe ofisi hajainama chini ya mashine. Akanizungusha kiwandani mpaka tukafika kwenye msumeno mkubwa.

"Huu ndio uliomkata yule mlevi wa Mbeya. Washamba wanasema una mapepo."

"Una mapepo?" nikamuuliza.

"Mapepo ya ulanzi." Akacheka. "Sikiliza binti. Emergency ikibonyezwa, hii mashine ni maiti. Na maiti hafufuki."

Na mimi nikacheka naye. Mnaambiwa nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kila asubuhi nilimpelekea chai. Kila asubuhi nilisimama kidogo niutazame mkono wake wa kulia unavyoshika kikombe, unavyokoroga sukari, unavyojikuna shingo. Alidhani namuonea haya. Nilikuwa nauzoea tu, kama unavyomzoea kuku wa sikukuu.

Pale Nyololo nilipanga chumba kwa dada mmoja anaitwa Faustina. Yeye kazi yake ilikuwa kupanga mbao zikishapasuliwa, mjane, mpole, sauti yake unaitafuta. Wiki niliyofika aliniona natetemeka, akanitolea blanketi kitandani kwake.

"Chukua. Sisi tumezaliwa na hii baridi."

Na ugali tulikula sahani moja. Kitu kimoja tu kilinishangaza kwake. Kiwandani hakuwa anapita karibu na kile kitufe chekundu. Angeweza kuzunguka rundo zima la magogo, na mzigo kichwani, ili asikisogelee. Nilidhani anaogopa mapepo kama wenzake.

Siku ya kwanza niliyobaki peke yangu na lile sanduku, nililifungua. Nikaingia kwenye mipangilio, nikatafuta ile ya enable.

Ilikuwa sawa.

Nikaikagua upya, nikajaribu. Nikaiacha start ON, nikabonyeza kitufe, nikakiachia. Msumeno kimya. Unataka hodi mpya, kama mwalimu Muhidini alivyotaka.

Nawaambia ukweli. Nilikaa juu ya gogo nikamuwaza kaka yangu, na kwa mara ya kwanza maishani nikajiuliza kama kweli alikunywa. Nilijichukia kwa hilo wazo, ila lilikuja, na lililala na mimi.

Halafu feni ikaongea.

Kile kiwanda kina feni kubwa ya kuvuta vumbi la mbao. Nayo ina drive yake, pacha kabisa wa ile ya msumeno, kampuni moja, rangi moja. Mafundi wa pale waliniambia zilifungwa pamoja, na aliyezifunga na kuzipanga ni Sosthenes mwenyewe.

Asubuhi moja mtu wa usafi alibonyeza kitufe cha feni ili afagie. Alipomaliza, akakizungusha. Feni ikanguruma hapo hapo, hakuna aliyegusa start. Yule bwana akaendelea na ufagio wake, maana feni ni feni, nani ataiogopa.

Nilisimama pale vumbi linaniingia machoni.

Drive mbili, fundi mmoja, siku moja. Moja ina adabu, nyingine haina. Hapo hata mtoto anajumlisha. Zote zilipangwa vibaya, halafu mtu akairekebisha moja. Ile yenye damu.

Alijua. Alijua siku ile ile ya ajali, akaficha, kisha akainua simu akamwita kaka yangu mlevi.

Kuanzia hapo chai yake nilianza kuiweka sukari nyingi. Nilitaka awe na furaha.

Sasa kumbe pale kiwandani watu walikuwa wamechoka na ule msumeno. Anayepangiwa anaumwa tumbo, mwingine amefiwa na shangazi yule yule kila mwezi. Maneno ya mapepo mimi sikuyazima. Wakiniuliza, nilikuwa nasema, "Mimi mgeni jamani, ila usiku siwezi kuugusa." Moto unajichochea.

Mwishowe Mzee Kalinga akasema Jumatatu anakuja yeye mwenyewe, na ikibidi atakuja na mtu wa maombi.

Sosthenes alikasirika. Hapo ndipo nilipomwingia.

"Fundi, maombi ya nini? Si uwaonyeshe tu? Bonyeza emergency, weka mkono wako palepale, mtu aachie kitufe. Mzee aone mwenyewe. Hakuna mtu ataongea tena."

Akanitazama. Nikaona lile wazo linamkaa vizuri.

"Wewe binti una akili," akasema.

"Nimejifunza kwako, fundi."

Jumamosi mchana ni usafi wa mashine, na msumeno nilipangiwa mimi. Nilifanya mambo mawili.

La kwanza, nilifungua drive nikaurudisha mpangilio wa enable kama ulivyokuwa siku ya kaka yangu. Hodi ibaki mlangoni.

La pili, nilifungua kifuniko cha chini, pale ambapo mikanda ya mpira inatoa nguvu kwenye mota na kuipeleka kwenye meno. Nikashika spana.

Hapo nilikaa.

Nikiitoa mikanda, mota itanguruma ila meno hayatasogea. Nikiiacha, basi. Hakuna anayejua. Ni ajali, ni mapepo, ni ulanzi. Nilimwona kaka anavyopambana na kiazi, na nikawaona wale wa sokoni na nyanya zao.

Nikaitoa mikanda. Msinisifie, haikuwa huruma. Nilitaka abaki na mikono yake yote miwili na bado ashindwe kujitetea.

Nikafunga kifuniko, nikafuta mikono, nikaenda kula ugali kwa Faustina.

Jumatatu ukungu ulikuwa mzito, unasikia mtu anakohoa kabla hujamwona. Wafanyakazi wote tukakusanywa. Mzee Kalinga kasimama mbele na koti lake refu na fimbo, uso hauna utani.

"Kamwene," akatusalimia kwa Kihehe chake, tukaitika. "Nimechoka kusikia habari za mashetani kwenye kiwanda changu. Sosthenes anasema ana dawa. Haya, tuione."

Sosthenes akajitokeza kama bwana harusi.

"Mzee, na nyie wote. Nabonyeza emergency." Akabonyeza. "Nawasha start." Akazungusha swichi mpaka ON. Kimya. "Mnaona? Ruhusa haipo, haiwaki. Sasa kitufe kitaachiwa, na bado haitawaka, kwa sababu hii drive inataka iwashwe upya. Maiti hafufuki."

Akakunja mkono wa shati. Akauweka mkono wa kulia katikati ya meno, palepale.

"Faustina," akaita. "Wewe uko karibu. Zungusha hicho kitufe."

Faustina hakusogea.

"Dada, umesikia?" Mzee Kalinga akasema.

Yule mama akarudi nyuma mpaka kanga ikamtoka begani. "Sizungushi, mzee. Nilishazungusha mara moja, sirudii tena."

"Mara moja lini?"

Sosthenes akadakia haraka, mkono bado ndani. "Mzee, huyu mama ana wasiwasi tu, mwacheni. Jackline, njoo wewe."

Lakini Faustina alikuwa ameshafunguka, na mtu mpole akifunguka hazibiki.

"Ni mimi nilikiachia siku ile. Lutengano alizima, nilimwona akizima kwa macho yangu. Mimi nilikuwa nafagia, nikadhani kazi imeisha, nikakizungusha. Huyu hapa akaniambia nikisema nitafungwa mimi, watoto wangu watalelewa na nani. Nikanyamaza. Mkono uliomkata Lutengano ni huu wangu, mzee."

Na akauinua.

Jamani. Ule mkono ulionipa blanketi. Ule mkono tuliokuwa tunachota nao sahani moja. Chuki yote niliyoibeba kutoka Uyole ilimgeukia yeye kwa dakika hiyo, niliisikia inavyogeuka. Nilitaka kumfuata.

Badala yake nikatembea mpaka kwenye kitufe.

"Fundi," nikasema, "maiti hafufuki, si ndiyo?"

"Zungusha, tumalize," akasema.

Nikazungusha.

Mota ikanguruma.

Sijawahi kusikia mwanaume akilia vile. Aliutoa mkono kwa nguvu mpaka akaanguka chali juu ya mabanzi, anaushika, anahesabu vidole, anaushika tena. Meno yalikuwa yametulia tu, mota inalia peke yake, ila yeye macho yake hayakuwa yanaona hilo.

"Haiwezekani," akawa anasema. "Haiwezekani. Niliibadilisha. Niliibadilisha mwenyewe siku ile ile."

Nikabonyeza kitufe. Kukawa kimya, tukawa tunasikia matone ya ukungu yakidondoka kwenye bati.

Mzee Kalinga akamsogelea taratibu.

"Ulibadilisha nini, Sosthenes?"

Sosthenes akajikokota nyuma juu ya mabanzi.

"Na siku ile ni siku gani?"

Sosthenes alikuwa anaangalia vidole vyake. Vyote vilikuwepo, na havikumsaidia kitu.

"Nijibu mimi, mzee," nikasema. Nikaeleza yote, hodi na karibu, msumeno na feni, mikanda niliyoitoa. Nikamwambia aende mwenyewe akabonyeze kitufe cha feni, kisha akiachie. Akaenda, akakizungusha, feni ikanguruma usoni kwake. Alirudi mtu mwingine.

"Wewe binti ni nani hasa?"

"Jackline ni la ubatizo. Kwetu naitwa Tumpe. Lutengano ni kaka yangu."

Faustina akakaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Tumpe, sasa mimi utanifanya nini?"

Nilimtazama. Kitufe ni kile kile, nimekizungusha mimi na amekizungusha yeye. Yeye alisema karibu kwa moyo mweupe, hakujua kuna hodi imesimama mlangoni. Aliyeiacha pale ndiye aliyekuwa anajua.

"Leo zamu yako kupika," nikamwambia. "Nitakachokufanya ni hicho."

Sosthenes kazi ikaishia pale pale. Alipita getini na koti lake lenye vumbi la mbao, watu wakampisha, hakuna aliyemwambia safari njema. Nilimsindikiza kwa macho mpaka barabara kuu na sikusikia uchungu wowote, nilisikia raha. Nasema hivi ili msije mkanidhania mtakatifu.

Mzee Kalinga, nampa haki yake, alifunga safari mpaka Uyole. Jumapili akasimama kanisani kwetu mbele ya watu wote, kofia mkononi, akasema, "Nililiharibu jina la mtoto wenu kwa simu. Nimekuja kulirudisha kwa miguu." Wazee wa kanisa wakawa wanaangalia viatu vyao.

Kaka akarudishiwa kwaya yake. Siku hiyo aliinua mkono wa kushoto, wanakwaya wakachanganyikiwa kidogo, wengine wakaanza mapema. Ila waliimba. Na wale wa sokoni walikuwepo, nilihakikisha nimekaa nyuma yao.

Mngedhani imeishia hapo.

Baadaye, alasiri moja, tuko nyumbani Uyole. Mama mkubwa anachambua maharage, kaka amelala kwenye kiti, mimi napiga pasi. Tukasikia nje:

"Hodi."

Niliijua ile sauti hata kabla pasi haijatua. Mama mkubwa akafungua mdomo aitikie, kaka akainua mkono wa kushoto, vile anavyoisimamisha kwaya. Mama akanyamaza.

"Hodi wenyewe."

Sote kimya. Mimi moyoni nilikuwa naimba.

"Hodi hapa."

Ya tatu hiyo. Mila inajulikana, ukipiga hodi ya tatu na hujaitikiwa, unaondoka. Tukasikia viatu vyake vinageuka kwenye changarawe, vinaenda. Nikarudi kwenye pasi yangu na raha zangu.

Kaka akasimama. Akaenda mlangoni, akaufungua wote.

"Sosthenes."

Viatu vikasimama.

"Hizo hodi zote zimekufa," kaka akasema, kwa ile sauti yake isiyo na haraka. "Mlango sasa uko wazi. Rudi hapa upige mpya."

Nilichungulia dirishani. Yule fundi mkuu wa Nyololo alirudi hatua kwa hatua, akasimama mbele ya mlango uliokuwa wazi tayari, mbele ya mkono ambao haupo. Ilimchukua muda mrefu kulitoa hilo neno dogo.

"Hodi."

"Karibu," kaka akasema.

Akaingia. Mimi nikachomoa pasi, nikatoka kwa mlango wa uani.

Sasa funzo, kwa wenye mashine na wasio na mashine.

Ninyi mafundi wenzangu, nendeni mkaangalie mpangilio wa enable kwenye drive zenu leo. Ruhusa ikikatika, amri nayo ife. Na kabla hujaingiza mkono, zima umeme mkubwa, funga, ufunguo utie mfukoni. Kile kitufe siyo kufuli.

Na ninyi wengine, kabla hujamwambia mtu karibu, angalia kwanza kama huna hodi ya zamani iliyobaki kizingitini.

Wengi mtaniuliza kwa nini nilitoka, kwa nini na mimi sikumsamehe kama kaka. Kaka yangu swichi yake aliizima kwanza, ndipo akafungua mlango. Ya kwangu bado iko ON, naisikia. Siku nitakayoizima mwenyewe, Sosthenes apige na kwangu.